Ruksa Amebaki Peke Yake

Mwanangu Neema,

Katika barua ya mwezi uliopita nilikuandikia kwamba simbilisi wako wote wawili ni wazima. Haikuwa kweli. Mtumba alikuwa amekufa siku nne kabla sijashika kalamu.

Ulikuwa darasa la tatu ulipowaleta hapa Mkolani ndani ya boksi la sabuni, umepewa na rafiki yako aliyekuwa anahama. Ukawapa majina ya maneno yaliyokuwa midomoni mwa kila mtu mjini siku zile: Ruksa na Mtumba. Nikakwambia Mtumba si jina. Ukanijibu, "Si tumempata akiwa ameshatumika?" Kila ukirudi na nyasi walipiga mluzi wote wawili.

"Baba, wanaongea."

"Wanadai chakula."

"Ndiyo kuongea kwenyewe."

Siku unaondoka na mama yako kwenda Musoma uliniachia agizo moja: wasitenganishwe.

Nilimkuta Mtumba asubuhi amelala ubavu, amekauka. Hakuwa na jeraha, na sijui kilichomuua. Nilimzika nyuma ya nyumba, nikatupa nyasi na kile kipande cha gunia alichokuwa akilalia, nikasugua boksi lao la mbao kwa sabuni ya unga, nikaenda kazini. Ruksa hakumwona mwenzake akiwa amekufa. Kwake yeye, Mtumba aliondoka tu.

Siku tatu alizunguka pembe zote za boksi. Alipiga mluzi, akanyamaza, akasikiliza. Siku ya nne akaacha kula. Nilipomwinua nilizihisi mbavu zake. Nilimpeleka kwa bwana mifugo, akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Mzee, ungeniletea ng'ombe ningekusaidia."

Nikaamua kumtafutia mwenzake. Kwenye mawe kule juu, mwanamume mmoja anayeponda kokoto aliniuzia mnyama mdogo wa kahawia, hana mkia, masikio mafupi. "Ni walewale, mzee. Huyu ni simbilisi wa mawe." Alikuwa mtoto wa pimbi. Mimi ninayewahimiza vijana wa chumba cha habari wahakikishe kila jambo mara mbili nilinunua pimbi, katika mji ambao pimbi wanaota jua juu ya kila jiwe. Kabla sijafunga kifuniko alikuwa amemng'ata Ruksa sikio.

Mama Bhoke, jirani yetu, alisikia kelele akaja. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Baba Neema! Umemwozesha mjane kabla ya arobaini?"

Kisha akainama juu ya boksi, akaacha kucheka.

"Na hii harufu ya sabuni? Kwetu nyumba ya msiba haifagiwi mpaka matanga yaishe. Wewe umemfutia mpaka harufu ya mwenzake."

Pimbi nilimrudisha kwenye mawe. Kile kipande cha gunia nilikitafuta jalalani nikakipata, kichafu kama kilivyokuwa. Nilipokiweka ndani, Ruksa alikinusa kwa muda mrefu, akaingia chini yake, akatulia. Tangu hapo kila nikitoka kazini nakaa sakafuni karibu naye na kumpa ncha za nyasi, moja moja. Nyingine anazipokea. Nyingi anaziacha.

Kwa nini nilikudanganya? Niliogopa ungesema baba ameshindwa kutunza hata viumbe wawili uliomwachia. Ukisema hivyo sasa, sina la kukupinga.

Mama Bhoke anamfahamu mtu wa Ilemela anayefuga simbilisi, simbilisi wa kweli. Sijaenda. Safari hii sitaki kuharakisha, na sitaki kuamua bila wewe. Mwombe mama yako uje likizo ikianza, umwone Ruksa kwa macho yako, useme apewe mwenzake au aachwe kwanza. Sijui kama atakungoja.

Leo asubuhi amekula jani moja la kabichi. La pili amelinusa tu, akaliacha. Siandiki kwamba amepona.

Baba yako