Mbwa wa Baba Pale Chwaka

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, mwanangu. Sisi huku wazima, na shangazi yako kajifungua mtoto wa kiume.

Umeniuliza kama inafaa kumhangaikia mbwa uliyeletewa kumtibu, aliyeingiwa na maradhi ya ubongo, ilhali huna hakika atapona.

Miaka michache baada ya Mapinduzi, nilipokuwa mwari, baba yangu alifuga mbwa wa kuwindia nguruwe waliokuwa wakila mihogo yetu Chwaka. Akimwita Chui. Asubuhi moja tulimkuta kalala, shingo imekakamaa, analia kila akijaribu kuinua kichwa. Jirani yetu, Mzee Haji, akaja na rungu.

"Huyo ana kichaa! Muue kabla hajauma mtu."

Baba akamfungia bandani, akatukataza kusogea, akamwita bwana mifugo, kijana mmoja. Yule kijana alimtazama sana.

"Sidhani kama ni kichaa," alisema. "Nahisi maradhi yamemwingia ubongoni na kwenye uti wa mgongo."

"Atapona?" baba aliuliza.

"Wallahi sijui, mzee. Lakini kesho n'takuja tena."

Akaja, akawa anakuja na sindano zake, mpaka Chui akasimama. Kichwa kilibaki kimeinama upande, na hakuwinda tena.

Siku aliyosimama Chui, baba, ambaye alikuwa hajapata kumgusa mbwa yule kwa mkono kwa kuogopa najisi, alimwekea kiganja kichwani, akakaa naye kitambo. Kisha akaniita.

"Naam, baba."

"Niletee maji na udongo, mwanangu, nijitwahirishe."

Basi mtazame mgonjwa wako, na kesho urudi tena.

Bibi yako akupendaye,
Zuhura