Bega Lako la Kulia

Mwaka umetimia tangu ulipoinuka kwenye cherehani, ukasema, "Mama watoto, najinyoosha mgongo kidogo," ukaingia chumbani usitoke tena kwa miguu yako.

Naandika mimi mkeo, kwa niaba ya wote.

Ulipostaafu udereva wa lori, ulikaa wiki nzima ukitazama ukuta. Kisha ukafumua shati lako kuukuu, kipande kwa kipande, ukalishona upya. Hakuna aliyekufundisha. Wastaafu wenzako, waliozoea kukuita Breki, wakaja kukucheka. "Breki! Siku hizi unaendesha sindano?"

Ukawajibu bila kuinua macho, "Ndiyo, na huku hakuna foleni. Nyie kaeni mtazame magari ya wenzenu."

Haukupita muda, wote wakawa wamevaa mashati yako.

Yalikuwa na kasoro moja. Kila shati ulilijaribu mwilini mwako mbele ya kioo. Likikukaa wewe, unasema liko sawa. Lakini bega lako la kulia lilikuwa limeshuka kwa miaka ya kukalia upande mmoja nyuma ya usukani. Basi mtaa mzima ukashuka bega la kulia. Tulicheka mpaka tukatoa machozi. "Watazoea," ulisema.

Sasa sicheki. Nakuona dukani ukinunua mkate. Nakuona ukivuka barabara bila haraka, kama kawaida yako. Juzi nilikufuata hadi mlangoni pa duka la dawa, nikakuita, ukageuka ukawa kinyozi, amevaa shati lako.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nikaitika huku nikilitazama bega.

Kisha mwanao mkubwa akaja na shati lake la buluu. "Mama, nisaidie kusawazisha bega la hili. Kazini wananiuliza kama naumwa."

Sikumlaumu, ana haki yake. Nilikaa kwenye kiti chako, nikafumua mshono wa bega, nikapima pande zote mbili, nikashona. Akalivaa, akasimama katikati ya chumba, mabega sawasawa. Nikakutafuta, hukuwepo. Niliogopa kuliko siku ya mazishi.

"Vua," nikamwambia.

"Mama, mbona limekaa vizuri?"

"Ndiyo maana. Vua."

Alinitazama, akaanza kufungua vifungo. Nilifumua tena, nikawa nalishusha bega kidogo kidogo, namvalisha, namvua, mpaka nikakuona. Alienda mwenyewe kwenye kioo. Akaligusa lile bega lililoshuka. Sikumharakisha.

"Kazini nitavaa ya kununua," akasema mwishowe. "Ila, mama, hili litachakaa. Nishonee na lingine."

Kitambaa nimekikata jana.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, watoto wako watatu, wakwe zako, wajukuu, dada yako, na madereva wenzako wote. Hatutakusahau, siku zetu zote.