Kadi ya Taa ya Kweli

Jumapili, 2 Novemba

Kadi kumi na mbili mpya za mchezo wetu wa Jumapili nimezimaliza asubuhi, tatu rangi bado mbichi. Nimezikata kwenye mabaki ya kadi za harusi kule kazini kwangu, kwenye duka la uchapaji. Karatasi nzito, rangi ya maziwa, dhambi kuitupa. Bosi anajua. Anasema wenzangu wanaiba kalamu, mimi naiba takataka.

Wamekuja saa nane kama kawaida. Bonge, fundi wa friji, na kimfuko chake cha dadu. Kanuni, mwalimu wa hesabu, na daftari la sheria ambalo hakuna aliyemwomba alilete. Mdogo wangu hana haja ya kuja, tunaishi wote. Alitoka tu chumbani na kuvuta kiti. Mimi ndiye msimulizi wa mchezo. Wao watatu wanatembea ndani ya jiji lililozama chini ya mlima, na mimi ndiye jiji, ndiye mlima, ndiye kila jini na kila bawabu wanayekutana naye.

Leo wamefungua sanduku la pili la hazina. Kila mmoja anachomoa kadi moja bila kuangalia: mbele picha ya kitu, nyuma maelezo ya kazi yake. Bonge kapata Upanga wa Chumvi, akaubusu. Kanuni kapata kamba, akanuna. Mdogo wangu kapata Taa ya Kweli.

Ninavyoipenda ile taa! Jumamosi mbili nimeichora. Shaba iliyopauka, moshi umejikunja mfano wa sikio. Nyuma nimeandika: Iwashe mbele ya yeyote. Muulize swali moja. Lazima aseme kweli. Kisha uichane.

Akaisoma kwa sauti, kisha akanitazama huku anacheka. Yeyote, Dada? Hata wewe?

Nikasema taa ni ya mle mchezoni. Weee! Kanuni akasimama kabisa. Imeandikwa yeyote, na sheria ya meza hii — niliyoitunga mimi kwa mdomo wangu — ni kwamba kilichoandikwa kwenye kadi hakibishaniwi. Bonge akaitisha kura. Watatu kwa mmoja: hata mimi naweza kuulizwa.

Nilicheka nao. Kisha nikafunga sanduku kabla ya wakati.

Jumatatu, 3 Novemba

Mdogo wangu amerudi na fomu kutoka kliniki ya meno, anakotengeneza meno bandia. Chuo cha viungo bandia kimetangaza nafasi tena, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Daktari wa meno, bosi wake, amemchukulia fomu mwenyewe na kumwandikia jina juu kwa kalamu nyekundu asije akasingizia kwamba ameipoteza. Mwisho wa kupokea ni Jumatatu tarehe 24, saa kumi jioni.

Ameiweka chini ya bakuli lake la kukorogea plasta ya meno. Nikamwuliza ataijaza lini. Akasema walishamkataa mara moja, ya pili ya nini? Akaenda kuoga.

Sijawahi kuandika hili popote. Leo naandika.

Hawakumkataa. Miaka mitatu iliyopita aliweka namba yangu kwenye fomu, kwa sababu simu yake ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya plasta. Wakapiga. Niliipokea mimi, kwenye korido, beseni la maji ya Mama mkono wa pili. Mwanamke mwenye sauti nzuri. Mdogo wako amepita, wa pili kati ya wote, athibitishe kabla ya Ijumaa. Nikamwambia ahsante, nitamfikishia.

Mama alikuwa amepooza upande mmoja. Kumgeuza kitandani kulitaka watu wawili. Nilihesabu watu waliomo ndani ya nyumba, nikajikuta ninabaki peke yangu. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho nikasema kesho. Ijumaa ikapita nikiwa nafua mashuka.

Mama alifariki miezi mitano baadaye. Miezi mitano tu! Na yeye akaendelea kuchonga meno ya watu, akiamini hafai.

Jumatano, 5 Novemba

Nimepata dawa. Nitaibadilisha kadi. Taa ileile, moshi uleule, ila nyuma: Iwashe mbele ya kiumbe yeyote wa jijini. Nikiulizwa nasema ni marekebisho. Michezo mikubwa yote ina marekebisho.

Nimechora tangu niliporudi kutoka kazini hadi bega likaniuma. Shida ni karatasi. Mabaki ya rangi ya maziwa yameisha, hii mpya ni nyeupe. Nimeipaka chai ya rangi kwa pamba. Imekaribia. Mtu mwenye akili timamu ana miaka thelathini na minne, amekaa jikoni anapaka karatasi chai ili mdogo wake asimwulize swali. Haya.

Jumapili, 9 Novemba

Aibu! Aibu tupu.

Nilianza vizuri. Nikasema jamani, kuna kadi tatu zina makosa, nirudishieni niwape nyingine. Nikachanganya ya taa na mbili zisizo na maana ili isionekane. Bonge akatoa yake bila neno. Kanuni akaichukua ile mpya ya taa, akainusa. Akainusa! Akatangaza kwamba inanuka chai.

Basi ikawa mahakama, Kanuni akihutubia. Kadi iliyotoka sandukuni haibadilishwi, tangu lini msimulizi anapora wachezaji, mwalimu hawezi kubadili swali la mtihani watoto wakiwa wameshaanza. Bonge anacheka mpaka machozi. Mimi nimekasirika kweli, nikamwambia Kanuni aende akawe msimulizi kwao.

Mdogo wangu hakupiga kelele. Kadi yake alikuwa ameitia kwenye mfuko wa koti la kazini. Akaniuliza taratibu ninaogopa nini.

Nikasema siogopi kitu, nataka mchezo uwe wa haki. Njia ya mwongo fupi, akasema Bonge, akarusha dadu. Alikuwa anatania. Nilishindwa kula baada ya hapo.

Jumanne, 11 Novemba

Fomu bado iko chini ya bakuli. Ina duara la maji meupe. Kadi ya taa anatembea nayo. Leo asubuhi niliiona ikichungulia mfukoni akifunga viatu, pembe imeshaliwa na plasta. Kwa nini anaibeba kwenda kliniki? Nani wa kumwashia taa kule, wagonjwa wameachama?

Labda anajua. Labda alishakutana na mtu wa kile chuo. Nimejitesa na hilo siku nzima, nikachapa kadi mia mbili za mwaliko zenye tarehe ya mwaka jana. Bosi hakucheka safari hii.

Jumapili, 16 Novemba

Nikajiambia: nitamfanya aitumie. Msimulizi ni mimi, si ndiyo? Nimewajazia jiji zima waongo. Bawabu mwongo. Mapacha, mmoja mwongo. Mfanyabiashara wa ramani ambaye hata jina lake anadanganya. Kila kona, mtu anahitaji kuulizwa swali.

Kila mara mkono wake unaenda mfukoni. Kila mara anasema: bado.

Wamempita bawabu kwa kumwachia Bonge amchekeshe. Mapacha wamewapita kwa hesabu za Kanuni, ilichukua dakika arobaini, alikuwa na furaha ya bwana harusi. Kwa mfanyabiashara wamepotea tu, wameangukia kwenye shimo la maji, Bonge ameumia vibaya — yaani mtu wake wa mchezoni. Na taa ipo mfukoni!

Bonge akauliza, huyu anamtunzia nani hiyo taa? Mdogo wangu akasema ataiwasha siku yake ikifika. Hakuniangalia alipokuwa anasema. Afadhali angeniangalia.

Alhamisi, 20 Novemba

Daktari wa meno amekuja dukani kuchukua vitabu vyake vya risiti. Akakataa kuondoka. Akaegemea kaunta, akaniambia ana miaka ishirini na sita kwenye kazi hii na hajaona mikono kama ya mdogo wangu. Mzee mmoja aliwekewa meno aliyoyatengeneza yule, akajitazama kwenye kioo, akaomba apigwe picha apeleke kwa mkewe. Mtu wa namna ile anatakiwa awape watu miguu, akasema. Zungumza naye. Wewe ndiye mkubwa, wewe atakusikiliza.

Nikasema nitamfikishia. Maneno yaleyale! Yametoka yenyewe.

Wakati wa chakula nikajaribu. Nikamwambia ijaze tu, utapoteza nini. Akaweka kijiko chini. Akasema: Dada, wewe hujui. Nilingoja wiki sita. Simu yako ikilia moyo unanipasuka, nakutazama uso wako kwanza kabla hujaitika. Sitaki tena kungoja hivyo.

Wiki zile zote alikuwa ananitazama uso. Na mimi nilijua, na nilikaza uso. Nimeosha vyombo vyote, hata visafi.

Ijumaa, 21 Novemba

Nikimwambia, atajaza fomu. Nina hakika kama ninavyojua jina langu. Wa pili kati ya wote! Nani asingejaza?

Nikimwambia, sina mdogo.

Nimeandika mistari hiyo miwili nikaiangalia muda wa chakula cha mchana wote. Nimegundua kitu kibaya. Kuna sehemu yangu inangoja aniulize. Akiwasha taa, nitakuwa nimelazimishwa. Nitasema na lawama itakuwa ya kadi.

Jumapili, 23 Novemba

Naandika mchana, chumbani, wakati wengine wako sebuleni. Nikiacha sasa sitaanza tena.

Walifika kwenye chumba cha vikombe. Mtu wa Bonge anakufa, amebakiza pumzi moja, dadu ikikataa amekwisha. Miaka miwili anamchezea yule mtu. Vikombe vitatu, kimoja dawa, viwili sumu. Mlinzi wa vikombe anayeruhusiwa kudanganya — mimi. Kanuni akapiga hesabu, zikagoma. Bonge, mtu mzima anayebeba friji mgongoni, alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Mdogo wangu akaitoa. Akaiweka mezani. Imechakaa, ina vumbi jeupe, lakini ule moshi bado mzuri. Akaniangalia muda mrefu. Nikawaza: sasa. Nilikuwa tayari, naapa, neno la kwanza lilikuwa limeshafika mdomoni.

Akasema: naiwasha mbele ya mlinzi. Kikombe cha dawa ni kipi?

Nikajibu, cha udongo. Sauti sijui ya nani.

Akaichana. Mara mbili, vipande vinne. Bonge akanywa, akapona, akamnyanyua mdogo wangu na kiti chake. Kanuni anapiga makofi. Kelele za harusi! Na mimi — nilitakiwa nishushe pumzi. Wiki tatu nimeomba iwe hivyo. Machozi yakaanza kunitoka mbele yao. Nikasema ni rangi imeniingia machoni, wakati hakuna rangi iliyofunguliwa.

Nikakimbilia jikoni. Akanifuata. Akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini: nilikuona, Dada. Tangu siku ile ya kwanza ile kadi inakunyima raha. Sijui ni nini na sitaki kujua, kila mtu ana lake. Nilikuwa naibeba kila mahali Kanuni asije akaichukua akakuonea nayo. Nikangoja ipatikane nafasi nzuri niimalize. Imekwisha sasa. Tulia.

Akanipangusa uso kwa kiganja. Kikavu, kina plasta kwenye mistari.

Nimetoka mara moja kuwaaga Bonge na Kanuni. Nimesema naumwa kichwa, wiki ijayo tutaendelea. Kanuni kwa mara ya kwanza hakubisha. Nimewasikia kwenye ngazi, Bonge bado anasimulia alivyopona.

Nimetoa fomu chini ya bakuli. Imekauka, inasomeka, jina jekundu halijafutika. Ipo hapa mezani, pembeni ya daftari.

Nimemwita. Nimemwambia aketi, nina neno. Ameketi kitandani mbele yangu, soksi zake za Jumapili, mikono magotini. Ameona fomu, akatabasamu kidogo, anadhani nataka kumbembeleza. Nimemwomba dakika moja nimalize kuandika. Anadhani ni mambo ya mchezo.

Hakuna anayenilazimisha. Naweza hata sasa kumwambia nenda tu, ni kichwa.

Amesema, maliza tu, Dada, sina haraka.

Saa kumi kasoro robo. Kesho saa hizi itakuwa imebaki robo saa. Naweka kalamu chini