Bango Nisiloliwekea Jina Lako

Mpendwa Baba,

Nakuandikia kutoka Mikumi, vidole vikiwa bado na rangi nyekundu. Kabla hujasikia kwa wengine huko uliko, acha nikwambie mwenyewe: lile bango la baa lililowagombanisha majirani mwezi huu nililichora mimi.

Unakumbuka kibaraza chetu kule Kilosa, karibu na stesheni? Ulinipa brashi kabla sijajua kushika kalamu vizuri. Ulinifundisha kupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, kisha ukanifundisha lile jambo lililowafanya mafundi wenzako wakucheke. Kabla ya kuandika jina lako kwenye kona ya bango, ulikuwa ukimwita bibi, mama yake mama, na kulisoma kwa sauti mbele yake. "Ukiona haya kumsomea mkweo, kazi haijaisha," uliniambia. Siku ile ya bango la bucha ulisoma, ukakohoa, ukafuta neno zima, na bibi akatazama pembeni akijifanya hakusikia.

Basi jirani yangu Sabina, mwenye baa, alitaka bango la kuwasimamisha madereva. Alitaka mwanamke anayekonyeza jicho, na chini yake: WAKE ZENU WAMESHALALA. Baba, sitajidharau, lilikuwa zuri. Yule mwanamke alikonyeza mpaka ungemwonea haya. Ila nilipofika kwenye kona brashi ilisita. Jina lako naliandika kwenye kila kazi yangu, lakini siku hiyo niliosha mikono nikaondoka.

Wiki haikuisha. Watoto walilifanya wimbo wa njiani kwenda shule. Akina mama walilalamika, na mzee mmoja mfugaji akasema hawezi tena kupita njia ile akiwa na wakwe zake. Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha kikao, akauliza nani alichora. Sabina, kwa kunisitiri, akasema ni fundi wa kupita tu, ametokea Dumila. Watu wakamsema huyo fundi wa Dumila mpaka nikamhurumia mtu ambaye hayupo duniani.

Ningenyamaza, yangeisha. Lakini mstari wa mbele alikaa mama mkwe wangu, ameshuka kutoka Vidunda na maharage yake. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimempa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za kazi, nikajibu njema. Nikasimama.

"Ni mkono wangu," nikasema. "Na nilijua halifai, ndiyo maana sikuweka jina la baba."

Mwenyekiti akasema, kama ni langu, nilisome basi wote wasikie. Nikafungua kinywa. Mbele ya mkwe, Baba, hata neno la kwanza halikutoka. Mama mkwe akajifunika khanga usoni, kikao kizima kikacheka, nami nikacheka nao, maana nilikuwa nimepatikana. Nilikukumbuka sana pale. Ningetamani uwe umekaa nyuma, unione ninavyotoka jasho kwa somo lako mwenyewe.

Leo nimelifuta. Sabina alinuna, nikamwambia mimi ni mtoto wa fundi, nitamchorea linalosimamisha madereva pamoja na wake zao. Sasa yule mwanamke anatazama mbele, ameshika sinia la nyama choma, na chini nimeandika: NJOO NA WA NYUMBANI KWAKO.

Nilipomaliza nilimwita mama mkwe kabla hajapanda gari la kurudi kwake. Nikasimama kando ya barabara, nikalisoma kwa sauti, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, khanga ikiwa usoni, kisha akaishusha, akaniangalia.

"Sasa weka jina la mzee," akasema.

Nimeliweka, Baba. Halijakauka bado.

Mwanao,
mwenye brashi yako