Mzee Sadi Alinisemea Kanisani

Kamembe, Rusizi

Maman wangu mpendwa,

Bwana na awe amekulinda hapo Kalemie hadi barua hii ikufikie. Miguu inaendeleaje? Na kifua cha Feza, kilipona? Najiuliza hayo kila asubuhi ninapowasha makaa ya pasi, na sina wa kunijibu.

Feza, dada yangu, msomee Maman polepole.

Maman, najua umenipigia simu mara nyingi na sipokei, au napokea na unasikia pumzi tu. Sijakukasirikia. Sauti yangu imeondoka.

Unakumbuka ule uvimbe wa shingoni niliokuja nao huku? Uliendelea kukua. Asubuhi moja nilikuwa kwenye cherehani yangu sokoni, nikashindwa kuvuta hewa. Mzee Sadi, fundi Mwislamu tunayeshona naye baraza moja, aliacha kanzu ya mteja chini, akanibeba mpaka kwenye gari na kunipeleka hospitali. Daktari alisema uvimbe unabana koo, lazima utolewe, na huenda sauti ikaharibika.

Nikamnong'oneza, "Daktari, mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo katika kwaya yetu."

Akanijibu kwa upole, "Kwanza upumue."

Nilipozinduka nilikuwa napumua vizuri, ila nikijaribu kuita, unatoka upepo tu. Wanasema itarudi kidogo kidogo, nzito, lakini si ile.

Sikufichi, nilimnunia Mungu. Jumapili nilibaki chumbani. Wewe ulinifundisha kumshukuru kwa kuimba, zile jioni za jikoni, mimi naanza, wewe unaitikia. Sasa ningemshukuru kwa kitu gani? Mke wa Mzee Sadi alikuwa ananiletea bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, nami nakula bila kuinua kichwa.

Siku moja Mzee Sadi akaniuliza, "Kwenu ku kanisa, muntu akipona, hashukuru Mungu?"

Nikaitikia kwa kichwa kwamba hushukuru.

"Basi Jumapili tutaenda pamoja. Miye nitakaa pa mulango."

Tukaenda. Pasta alipouliza nani ana shukrani, nikasimama, nikafungua kinywa. Ukatoka upepo tu. Watu wakageuka kunitazama, aibu ikanijaa, nikataka kukaa. Ndipo nikamsikia nyuma yangu.

"Pasta, unisamehe. Miye si muntu wa kanisa hii, niko jirani yake tu. Naweza kumusemea?"

"Sema, Mzee."

"Ile siku nilimubeba, nilizani nabeba maiti. Njia yote nilikuwa naomba Mungu. Leo anapumua. Anashona. Anakula kwangu, na sahani anamaliza." Watu wakacheka. "Anataka kusema aksanti kwa Mungu. Na miye pia. Ni hayo tu."

Kanisa zima likasema amina, naye akasema amina pamoja nao.

Kisha kwaya ikaimba. Anayeanzisha siku hizi ni binti mmoja, na Mungu amempa sauti nzuri. Nilipiga makofi huku nalia. Nilishukuru, Maman, kwa moyo wote nilishukuru. Lakini katikati ya shukrani nilikuwa nakutafuta wewe. Sauti zilikuwa nyingi mle ndani, na ile niliyoitaka iko Kalemie.

Nisalimie shangazi muuza dagaa, na mjomba mwashi, na akina mama wa kwaya yetu ya huko nyumbani. Waambie wasinihurumie, waniombee tu. Na Feza asiache kukukanda miguu.

Nikipata mashua Uvira kabla ya Noeli, nitakuja. Ukisikia mtu anagonga na kukuita Maman kwa sauti nzito usiyoijua, usiogope. Ni mimi. Nifungulie.

Mwanao anayepumua,
Kalunga