Njia ya ng'ombe ilivyonizungusha bwawani

Helena, sikia yaliyonipata. Alfajiri mfuniko wa birika uligonga chai ilipochemka, binti yangu Minza akanywa, akaenda sokoni Uyole, akaniachia mjukuu. Nikambeba mgongoni, tukaenda kuona mabwawa ya msitu wa hapa Mbeya.

Ukungu ukashuka, nikapotea! Nikafuata njia ya ng'ombe. Si kwetu Usangu njia hizo hurudi nyumbani? Hii ikanirudisha bwawani. Mara tatu, Helena! Mara ya tatu mtoto kanyamaza, mikono imekuwa baridi.

Nikapiga yowe. Akaja mlinzi wa msitu na baiskeli. Nikamweleza nilivyofuata njia ya ng'ombe kama kwetu Usangu. "Bibi, ng'ombe wa huku wanazunguka bwawa tu, hawaendi Usangu!"

Akavua koti, akamfunika mtoto. Baiskeli aliisukuma mpaka kwake, ili twende sawa.

Mkewe akamnywesha mtoto uji wa moto. Mtoto akalia, nami nikalia.

"Bibi, uje tena kututembelea," mlinzi akasema. "Ila upite barabarani."