Munyu Kwenye Chupa ya Nekesa

Jumatatu, 5 Februari 1951
Mwanangu Nekesa ametoka kuramba ukuta sasa hivi. Nimemtoa udongo mdomoni kwa kidole, akanicheka. Meno mawili tu. Mvua hakuna, maji ya mto yamekuwa kama chai ya maziwa. Wiki jana mtoto wa jirani alihara, akakauka, tukamzika. Naogopa. Nimeweka tayari vile dresa wa zahanati alitufundisha: maji ya kuchemka kwenye chupa, chumvi na sukari kidogo nimefunga kwa kitambaa, kijiko. Chumvi isizidi ya machozi, alisema. Onja kwanza.

Jumatano, 7 Februari
Nimechemsha mengine. Mama, mamake mume wangu, amenicheka. "Unachemshia maji ugonjwa haujafika? Utauita." Mume wangu Wanjala yuko Timboroa kwa mashine ya mbao mpaka mwisho wa mwezi. Ni sisi tu.

Alhamisi, 8 Februari
Umefika. Anahara tangu asubuhi, maji matupu. Mama amenipokonya kijiko. "Mtoto anavuja, wewe unajaza! Acha tumbo likauke." Nimemnyonyesha tu. Nina hasira. Na woga.

Ijumaa, 9 Februari
Macho yameingia ndani. Utosi umebonyea. Analia bila machozi. Zahanati imefungwa mpaka kesho.

Nimechukua kijiko mbele ya Mama. Nimesema, "Nisamehe, Mama, huyu nampa." Nikatia chumvi na sukari kwenye chupa, nikampa. Akatapika yote. Hapo ndipo nikakumbuka kuonja. Chungu! Munyu. Yale maji ya majivu ya maharagwe tunayopikia mboga.

Mama akasema: "Nilijua utampa tu, mkaidi wewe. Nikatia munyu chupani, nikasema basi yawe na nguvu. Munyu unalainisha hata mboga ngumu."

Kumbe naye alikuwa anaogopa.

Sikumfokea. Nikamwaga. Mama mwenyewe akapuliza moto, nikachanganya mapya yalipopoa. Kuonja haikuwa shida, machozi yangu yalikuwa yanaingia mdomoni, kipimo ninacho. Kijiko kimoja, tunangoja. Kingine. Akitapika tunapumzika, tunaanza tena. Mkono wangu ulipochoka Mama akashika kijiko.

Jumamosi, 10 Februari
Tumerudi kutoka zahanati. Tulimbeba kwa zamu. Dresa amebana ngozi ya tumbo, ikarudi haraka. Akasema maji yamerudi mwilini, tuendelee na kijiko, na kumnyonyesha. Nekesa alilia alipobanwa. Chozi moja, jicho la kushoto. Mama aliliona kabla yangu.

Nyumba imetulia. Wako nje juani, Mama anampa kijiko na kumtukana kwa mapenzi. "Kunywa, mwizi wa sukari." Sasa ananiita. Mtoto amekojoa, amemlowesha leso yote, na mama mzima anacheka. Nakuja, Mama. Nataka tu kuandika kwamba—